Kava la gari ni la jua, si la mvua

Kila mwaka, mwezi wa pili ukielekea mwisho, magari ya Upanga, hapa Dar es Salaam, huanza kuvishwa. Mawingu ya masika yakianza kujikusanya upande wa baharini, makava hutolewa stoo na kwenye mabuti, na asubuhi moja unatazama chini kutoka ghorofani unakuta nusu ya magari yamegeuka marundo ya rangi ya fedha na kijivu. Kwenye hizi nyumba za zamani za Msajili wa Majumba hakuna gereji. Gari linalala chini ya jengo, popote penye nafasi: kando ya ukuta, juu ya lami iliyomegeka, chini ya mwembe. Ukimuuliza mwenye gari kwa nini analifunika sasa, anakushangaa. Si mvua zinakuja?

Mimi naamini tunafunika msimu usio wake. Kiangazi kizima, Desemba hadi Februari, jua linapiga boneti kuanzia saa mbili asubuhi na kava limekunjwa stoo. Masika yakiingia, wakati gari linapohitaji hewa kuliko kitu kingine chochote, ndipo tunaliziba kwa nailoni na kulifunga kamba. Kwetu sisi wa pwani jambo hili lina gharama, na gharama hiyo naiona kila ninapokatiza kwenye magari ya majirani zangu nikienda dukani.

Chukua gari lolote la siku nyingi mtaani, namba B au namba C, ambalo halijawahi kupigwa rangi upya, ulizunguke taratibu. Anza juu. Paa limepauka, boneti limepauka, mfuniko wa buti umepauka, na mara nyingi rangi ya juu imeanza kubanduka kama ngozi iliyoungua. Shuka milangoni: bado inang'aa, ukiifuta vumbi unajiona uso. Sasa inama. Kutu iko wapi? Iko kwenye kingo za chini za milango, ndani ya matao ya matairi, kwenye bolti za uvunguni. Mvua inalowesha gari zima, juu na ubavuni. Kama ingekuwa mvua ndiyo inayoua rangi, milango nayo ingepauka. Kinachopiga juu na kuacha ubavu ni jua. Na maji yanayozaa kutu hukaa chini, mahali ambapo kava halifanyi kazi yoyote.

Rangi ya gari yenyewe ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukijumlisha tabaka zote za kiwandani, kuanzia praima inayoshika bati, rangi yenyewe, hadi ile ya juu isiyo na rangi ambayo mafundi wetu huiita klia, kwa kawaida unapata kati ya milimita 0.1 na 0.15. Klia peke yake ni kama milimita 0.04 hivi. Humo ndimo mlimo na dawa ya kuzuia miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno. Dawa hiyo si ya milele. Jua linaila kidogo kidogo, na ikishakwisha, klia inakauka, inapasuka nyufa ambazo huzioni, inapata ukungu mweupe, halafu inaanza kuachia. Hapo polishi haisaidii tena. Mwenye gari ambalo klia yake imekufa ana njia moja tu, kupiga rangi upya, na rangi ya mtaani mara chache huwa sawa na ile iliyokaushwa kwa joto kiwandani.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na katikati ya hapo, kiangazi chote, linakuwa juu sana saa sita mchana. Kipimo cha kimataifa cha miale hiyo huita 11 na kuendelea kuwa kiwango cha kupindukia. Kwetu 11 inapitwa mara kwa mara. Magari mengi tunayoyaendesha yalikuja kutoka Japani yakiwa yametumika, yamezoea jua la nyuzi 35 kaskazini na miezi ya baridi katikati. IST au Vitz inashushwa bandarini ikiwa inang'aa kama mpya, na baada ya miaka michache ya kulala nje hapa mjini inazeeka kuliko ilivyozeeka miaka yote ya kwao.

Na si rangi tu. Taa za mbele za magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu iliyopakwa ngozi nyembamba ya kuizuia isiungue. Ngozi hiyo ikishaliwa na jua, taa inakuwa ya njano, halafu inakuwa na ukungu, na usiku unaendesha ukiona nusu ya barabara. Vijana pale barabarani wanazisugua kwa msasa na dawa ya meno, zinang'aa wiki chache, kisha zinarudi njano haraka kuliko mwanzo kwa sababu ile ngozi iliyobaki wameiondoa. Raba za waipa hukauka zikawa zinakwaruza kioo. Dashibodi hupasuka, kwa kawaida karibu na kioo cha mbele, mahali ambapo joto kwenye jua kali linaweza kufika nyuzi 70. Ule utando wa mafuta unaouona ndani ya kioo asubuhi, usiotoka kwa maji, ni vilainishi vya plastiki ya dashibodi vilivyotoka kwa joto na kwenda kuganda kwenye kioo. Kwa hiyo ndiyo, gari linalolala nje linahitaji kufunikwa. Sina ubishi na kava. Ubishi wangu ni juu ya lini, na kwa kitambaa gani.

Sasa njoo kwenye chumvi. Kutoka hapa hadi Barabara ya Barack Obama, ile ya ufukweni, si mbali, na upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka unatuletea bahari hadi mlangoni. Huioni, lakini pitisha kidole kwenye kioo cha gari lililokaa siku kadhaa bila kuoshwa, kisha ulambe. Chumvi ya kawaida ikiwa wazi huanza kuvuta maji hadi kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75. Alfajiri ya Dar unyevu hupita asilimia 80 bila shida. Na chumvi ya baharini ina pia kloridi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Ina maana gari lenye chumvi mwilini linalowa kila usiku, mvua iwepo isiwepo. Kutu haihitaji kuona maji yakitiririka. Inahitaji muda wa kulowa tu. Kila saa moja zaidi ya unyevu ni saa moja ya kazi kwake.

Mvua ya masika ni maji baridi, yasiyo na chumvi, tena mengi. Aprili peke yake hapa mjini kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 200. Hiyo ni mashine ya kuoshea magari isiyodai hata senti. Inasuuza chumvi ya kaskazi yote kwenye paa, kwenye maungio ya boneti, chini ya waipa, kwenye ile mifereji ya kando ya kioo ambayo kitambaa cha kijana wa kuosha hakifiki. Sisi tunaizuia kwa nailoni. Tunaibakiza chumvi ndani, halafu juu yake tunaongeza mvuke unaopanda kutoka kwenye ardhi iliyolowa, usio na pa kutokea.

Niliona matokeo yake kwa karibu kwenye gari la jirani yangu wa chini, ambaye alisafiri kwenda kwa wanawe Kanada akaniachia ufunguo. Ni Premio nyeusi, gari lililotunzwa. Jioni ya kuondoka vijana waliliosha, na kwa kuwa ndege haisubiri, kava likavishwa likiwa bado na maji. Lilikuwa kava zito la plastiki lenye manyoya ya pamba kwa ndani, la aina ambayo muuzaji huipigapiga kwa kiganja kukuonyesha ilivyo imara. Mwezi wa tano alinipigia simu niangalie betri.

Nilipofungua kamba za mbele, kilichotangulia ni harufu, ile ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Manyoya ya pamba yalikuwa yameshika boneti, na nilipovuta, nyuzi nyuzi zilibaki zimeganda kwenye rangi. Chini yake boneti jeusi lilikuwa na mabaka meupe, mengine makubwa kama sahani, kila palipoguswa na kava likalala kabisa; palipokuwa na nafasi ya hewa, kwenye mabonde ya pembeni, rangi ilikuwa salama. Niliinama nikapitisha kidole kwenye baka moja: vipele vidogo sana, vya kuhisi kuliko kuona. Raba za milango zilikuwa na ukungu wa kijani. Ndani, mkanda wa dereva ulikuwa na madoa meusi ya ukungu kuanzia begani hadi kwenye ndoano, na usukani ulikuwa na vumbi jeupe lililo hai. Diski za breki zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, ingawa hiyo ni ya juu tu na hutoka ukiendesha kidogo. Gari la pembeni yake, Probox ya mwalimu mmoja ambayo haijawahi kuona kava tangu imefika nchini, lilikuwa limenyeshewa masika yote. Lilikuwa safi.

Baadhi ya mabaka yalififia gari lilipokaa wazi likakauka. Mengine hayakutoka. Fundi rangi wa kule Ilala alikuja kuliangalia, akachuchumaa mbele ya boneti muda mrefu bila kusema neno, kisha akaweka ukucha wake kwenye pembe ya juu ya paa. "Hapa ni jua, dada. La zamani." Akauhamisha ukucha hadi kwenye baka jeupe. "Na hapa ni kava. Maji yameingia chini ya klia, yamepikwa humo humo." Alisema magari ya namna hiyo huyapokea kila mwaka mvua zikiisha, na wenyewe huwa hawaelewi, kwa sababu gari lilikuwa limefunikwa.

Yupo mzee mmoja kwenye jengo la pili, mstaafu wa bandarini, ambaye Peugeot 504 yake naiona tangu nikiwa mdogo. Bado ina rangi yake ya maziwa. Kava lake halikununuliwa. Lilishonwa na fundi cherehani kwa kitambaa cha marikani, pamba tupu isiyopaushwa, likapimwa juu ya gari lenyewe, na pindo lake limetiwa mpira wa suruali. Kila kiangazi linakuwa juu ya gari kuanzia asubuhi hadi alasiri. Likichafuka linafuliwa na kuanikwa kama shuka. Mvua ikianza kutonya, anatuma mjukuu alitoe.

Nilimwamkia jioni moja nikamuuliza kwa nini analitoa wakati wenzake wote ndiyo wanavisha.

"Marahaba, mwanangu. Gari si mgonjwa. Mvua haijawahi kuua rangi. Linyeshewe, lisuuzike, likauke kwa upepo. Ninalolificha mimi ni jua na hawa," akanyoosha fimbo juu ya mwembe.

Hawa, ni kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliotoka India wakaingizwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa pwani yote. Wana tabia ambayo mwenye gari lazima aijue: mchana wametawanyika, lakini jua likikaribia kuzama wanarudi kwa makundi kulala kwenye miti ile ile. Mwembe uliokupa kivuli kizuri saa saba mchana, saa moja usiku umegeuka choo cha kundi zima. Popo nao wana zamu yao kwenye mikungu. Hula matunda, hutema makapi, na kinyesi chao hushika kama gundi. Ongeza utomvu wa mwembe wakati wa maua na wa matunda. Kwa hiyo kivuli cha mti ni cha mchana. Usiku, kama una pa kulihamishia, lihamishe.

Watu husema kinyesi cha ndege kina tindikali, na ni kweli kina asidi ya uriki, lakini kinachoacha alama isiyotoka ni joto. Boneti likipata moto klia inalainika na kutanuka kidogo. Kinyesi kimekauka juu yake, kigumu, kimejikunja na chembe zake za mchanga. Jioni klia inapopoa inajibana na kulala kwenye umbo la kinyesi kile. Asubuhi unafuta, uchafu unatoka, umbo linabaki. Ndiyo maana doa la asubuhi lililoondolewa kabla ya jua kupanda haliachi kitu, na doa hilo hilo likisubiri hadi saa tisa ni la kudumu. Usilisugue likiwa kavu. Lilowekee kitambaa chenye maji, liache dakika chache, kisha liinue.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua kava, au ukiliona mikononi mwa machinga kwenye foleni ya Mwenge, usianze kwa kuuliza kama linapitisha maji. Uliza kama linapitisha hewa. Weka kitambaa mdomoni ubane kwa vidole, upulize kwa nguvu. Kama pumzi haitoki upande wa pili hata kidogo, unanunua mfuko. Kuna makava yenye tabaka tatu, ambayo katikati yana utando wa matundu madogo sana, hayo hayapitishi pumzi kirahisi lakini hupitisha mvuke. Kwa hayo kipimo ni kingine. Mama muuza chai hayuko mbali na duka lolote la Kariakoo. Omba kikombe cha maji ya moto, kifunike kwa pembe ya kava, juu yake pindua glasi kavu. Subiri kidogo. Glasi ikipata ukungu kwa ndani, mvuke umepita, na gari lako nalo litapumua. Glasi ikibaki kavu, mrudishie mwenye duka kava lake kwa adabu. Baadhi ya wauzaji watanuna. Mmoja aliniangalia hadi mwisho, kisha akaanza yeye mwenyewe kujaribu kava baada ya kava, na mwishowe ndiye aliyenichagulia.

Lile jembamba la rangi ya fedha ndilo linalouzwa zaidi, na kwa jua linafanya kazi nzuri, kwa sababu linarudisha mwanga kabla haujapita kwenye vioo kupasha viti. Shida yake ni uhai. Kitambaa chenyewe nacho kinaliwa na jua lile lile. Siku utakayotoa kava ukakuta viganja vyako vina unga wa fedha, limekwisha, kwa sababu unga huo unaingia pia kwenye rangi. Lisirudi juu ya gari. Litafunika mkaa au mifuko ya saruji kwa miaka mingine.

Halafu kuna vumbi, na hapa wengi wenye kava zuri huharibu kazi yake yote. Vumbi la mjini kwetu, la barabara zinazojengwa na viwanja vinavyochimbwa, lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Ukivisha kava juu ya gari lenye vumbi, kisha kusi ikavuma mwezi wa sita na wa saba na kava likapiga mbawa usiku kucha, umepaka msasa kila pembe. Alama zake utazikuta kwenye kingo za boneti, juu ya vioo vya pembeni na kwenye pembe za buti. Gari lioshwe kwa maji mengi kabla ya kuguswa na kitambaa, likauke kabisa hadi kwenye maungio, ekzosi na boneti vipoe, ndipo livishwe. Kava liwe la saizi ya gari lenyewe, lisipwaye, na liwe na kamba za kupitisha uvunguni, si mpira wa pindo peke yake. Ukilitoa, likunje uso wa ndani uangaliane na uso wa ndani. Likiburutwa chini mara moja tu, limeshabeba mchanga.

Gari linalokaa muda mrefu bila mwenyewe linahitaji mtu zaidi ya linavyohitaji kava. Awepo ndugu au jirani wa kulifungua angalau mara moja kwa wiki, saa nne hivi umande ukishakauka, afungue na milango, apige injini, aangalie kama panya hawajaanza kujenga. Giza na utulivu chini ya kava ni mahali panapowafaa sana, na nyaya za injini ziko karibu. Lipo na suala la usalama. Mlinzi wetu, mtu makini kuliko walinzi wengi ninaowajua, aliniambia hivi: "Dada, gari lililofunikwa mimi silioni. Naliona kava. Mtu akiwa ndani yake anafungua vioo vya pembeni, mimi nitajuaje?" Kava lenye vumbi na majani makavu juu yake linamtangazia kila mpita njia kwamba mwenyewe hayupo. Kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa, kama wengi tunavyofanya, kunasaidia zaidi ya kulificha.

Na gari la kila siku? Langu silifuniki. Gari linalotoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi usiku halina muda wa kukaa na kava. Utalivisha lina vumbi, utalivua lina umande, na mwisho utakuwa umelikwaruza kuliko jua lingelifanya. Kwa gari hilo, kioo cha mbele kiwekewe kile kizuizi cha kukunja cha rangi ya fedha, gari liegeshwe penye kivuli cha jengo, lisuuzwe maji baridi kila wiki wakati wa kaskazi, na lipakwe nta mara kadhaa kwa mwaka. Sabuni ya unga ya kufulia ikae mbali nalo, inaondoa nta yote. Joto la ndani lisichukuliwe kirahisi: nje ikiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa juani hupita 45 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mambo sana. Mtoto asiachwe humo hata kama ni kushuka kununua mkate.

Kaka yangu aliyeko Muscat aliponitumia picha za maegesho ya huko ndipo nilipoona tunachokikosa. Magari yamepangwa chini ya vitambaa vilivyotandazwa juu ya nguzo za chuma, safu baada ya safu, pande zote wazi, upepo unapita. Hakuna kinachogusa rangi. Hatuhitaji chuma cha Omani kufanya hivyo. Ile neti ya kijani au nyeusi wanayotumia wenye vitalu vya miche inauzwa kwa mita, na ikiandikwa asilimia 80 ina maana inazuia asilimia 80 ya mwanga. Mvua inapita inasuuza, hewa inapita, jua linabaki juu. Banda la makuti lisilo na kuta hufanya kazi hiyo pia, na majumba mengi ya Kigamboni yanalo, ila makuti mapya hudondosha maji ya kahawia mvua za kwanza, kwa hiyo yaacheni yanyeshewe kabla ya kuingiza gari.

Kwenye jengo letu tumeshaanza kulizungumza. Nguzo sita na neti upande wa magharibi zingetosha magari manane, yakiwemo ya wale wanaosafiri. Mzee wa Peugeot amekubali na amejitolea kusimamia mafundi. Familia ya ghorofa ya kwanza inaogopa kwamba neti itazuia upepo wa dirishani na kuwapa kunguru pa kutua, na hoja yao ina uzito, kwa hiyo tunapima upya urefu wa nguzo na kuona kama mteremko mkali zaidi utawakatisha tamaa ndege. Mwalimu wa Probox amesema atachangia, ingawa gari lake, anasema, limeshazoea.